Mshindi tunamjua, wa mwisho anasubiriwa na nani?

MCHEZAJI gani unayemjua analipa kiingilio ili aingie uwanjani acheze? Kwenye soka hayupo. Straika analipwa, kipa analipwa, hata kijana wa ndondo anapewa nauli na soda. Anayelipa ni wewe shabiki wa jukwaani. Kwenye mbio za barabarani mambo yamegeuka: anayecheza ndiye anayelipa, na mtazamaji anatazama bure, kasimama mlangoni kwake na kikombe cha chai mkononi.

Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaosoma kurasa hizi ni watu wa mpira, na hapa Bukoba mpira umetupa mapumziko ambayo hatukuyaomba. Kagera Sugar ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25, ikaondoka na mechi za Ligi Kuu zilizokuwa zinaujaza Kaitaba. Simba na Yanga sasa tunawaangalia kwenye vibanda umiza. Lakini pita Kashai Jumamosi saa 11 alfajiri, utakuta kundi la watu wa fulana za rangi moja linateremka barabarani, mbele anayeimbisha, nyuma kina mama wawili watatu wanaotembea na kukimbia kwa zamu. Kuna mwalimu, kuna fundi cherehani, kuna dereva wa bodaboda aliyeiacha pikipiki nyumbani. Hao ndio wachezaji wa mchezo ninaouzungumzia leo. Wanajilipia viatu, wanajilipia nauli, na mwisho wa siku wanajilipia hata namba ya kifuani.

Mchezo wenyewe sasa hivi una jina kubwa. Septemba 15, 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya marathon ya dunia kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros. Waliotenganisha ni kamera za utepe: sehemu 3 za mia za sekunde. Mtu wa mpira ataelewa haraka, ni kama lile bao ambalo mpira umevuka mstari kwa unene wa karatasi. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Kabla yake tulikuwa na Juma Ikangaa aliyeshinda New York mwaka 1989 kwa 2:08:01, na kwa upande wa kina dada Magdalena Shauri alimaliza wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa 2:18:41.

Basi baada ya Tokyo kila mtu anataka kuandaa marathon. Kampuni inataka, halmashauri inataka, kanisa linataka kwa ajili ya paa, shule inataka kwa ajili ya madawati. Sina ubaya na paa wala madawati. Swali langu ni la mtu mmoja tu: yule mwalimu wa Kashai aliyelipa ada yake, anapata nini?

UKIITA NDONDO LIGI KUU

Tuanze na jina. Marathon ni kilomita 42 na mita 195, basi. Huku kwetu tumezoea kuita marathon kila mbio yenye fulana na mgeni rasmi, hata kama ndefu kuliko zote ni kilomita 10. Ni sawa na kuita ndondo ya mtaani Ligi Kuu kwa sababu tu kuna refa na wavu. Jamaa anarudi nyumbani anawaambia watoto kakimbia marathon, na mimi sitamnyang'anya furaha yake. Lakini mwandaaji anajua tofauti, na bei ameipanga kwa jina kubwa.

Kwa mji mdogo wa Tanzania, kipimo tulicho nacho ni Moshi. Kilimanjaro Marathon ilianza mwaka 2003 na kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mji ule unajaa. Kuna 42, kuna 21, kuna ile ya kilomita 5 ya kujifurahisha. Wa 5 na wa 21 ndio umati wenyewe. Wa 42 ni wachache, na hapo ndipo uzoefu wa mji mdogo unapotofautiana na ule wa New York au London unaouona kwenye runinga.

Mimi niliikimbia ile 21 ya Moshi. Kilichonikuta ni mlima wa kuelekea Mweka. Unatoka Chuo cha Ushirika ukiwa na presha ya watu, muziki, kila mtu anakupita na wewe unapita watu, halafu barabara inaanza kunyanyuka na kelele zote zinakatika. Unasikia pumzi tu, na viatu. Migomba pembeni ilinifanya nijione niko Bukoba, ila kwetu kilima huwa kinaisha. Pale kila ukidhani umefika kileleni, kona inafunguka na barabara inaendelea kupanda. Niliyekuwa nakimbia naye, mzee wa rika la baba yangu, hakusema neno kilomita nne nzima. Tulipogeuka kuanza kushuka alinishika bega, akacheka, akanipita.

Wa 42 wanaifikia Mweka wakiwa tayari wametafuna nusu yao ya kwanza kwenye barabara ya Dar es Salaam, jua limeshachomoza. Kwenye marathon za miji mikubwa hukai peke yako hata mita 100, maana washiriki ni makumi ya maelfu. Kwenye mji mdogo, kati ya kilomita ya 25 na ya 35 unaweza kumuona mtu mmoja mbele kama nukta, na nyuma husikii kitu. Mwili ndio unamaliza akiba yake ya sukari kwenye eneo hilohilo, miguu inakuwa ya mtu mwingine, na hakuna bega la kujificha nyuma yake.

Upande wa pili wa mji mdogo ni kwamba unajulikana. Hapa ndipo watu wa Kashai wananielewa zaidi. Mbio ikipita mtaani kwako, muuza maandazi anakujua, mwanafunzi wako anakuita jina, mama mkwe yupo dirishani. Kuacha mbio mbele ya watu hao ni kazi ngumu kuliko kumaliza. Ni kama beki wa Kagera Sugar anayeishi Hamugembe: akikosea Jumamosi, Jumapili anakutana nayo sokoni.

MITA 380 ZA MANCHESTER

Sasa twende kwenye kile ambacho mkimbiaji amekinunua hasa, yaani umbali. Anayekimbia 21 kwa saa 2 na dakika 10 hashindani na Simbu. Anashindana na 2:15 yake ya mwaka jana. Ukimpa njia isiyo sahihi umempa matokeo ya uongo, sawa na kumpa straika goli pana kuliko la kanuni halafu ukamtangaza mfungaji bora.

Wala si ugonjwa wa Afrika. Marathon ya Manchester, Uingereza, ilikuja kugundulika mwaka 2016 kwamba kwa miaka mitatu, 2013 hadi 2015, ilikuwa pungufu kwa mita 380. Muda wa watu wapatao 24,000 ukawa hauna maana kwenye vitabu. Bangkok mwaka 2015 wao walizidisha: nusu marathon ikawa na karibu kilomita 27 na nusu kwa sababu sehemu ya kugeuzia iliwekwa pasipo pake. Fikiria umejipanga kwa 21, umetumia kila kitu ulichonacho, halafu utepe haupo na kuna kilomita sita mbele. Ni kama refa aongeze nusu saa baada ya dakika 90 bila kukuambia.

Kupima njia ni ufundi unaojulikana na si wa gharama ya kutisha. Mpimaji anatumia baiskeli iliyofungwa kifaa kidogo cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, anakilinganisha kwanza na umbali uliopimwa kwa utepe wa chuma, kisha anapita njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji anaweza kuipita, akikata kona zilezile ambazo mkimbiaji atazikata. Halafu anaongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Ndiyo maana marathon iliyopimwa vizuri ina mita kama 42 za ziada, na ndiyo maana saa yako ya mkononi itakuambia umekimbia 42 na nukta kadhaa. Saa haijakosea sana, na wewe hujaibiwa. Tatizo ni pale mwandaaji anapopima kwa gari au kwa simu, akageuzia kwenye nguzo ya umeme iliyo karibu na akaita 21.

Kabla hujalipa, uliza: njia imepimwa na nani, kwa nini? Ukijibiwa kwa picha ya fulana, umejibiwa.

MAJI YA WALIO NYUMA

Kuna mbio moja ya Kanda ya Ziwa niliyoshiriki, jina naliweka pembeni. Viongozi wa mbele walipata maji kila mahali, wakapata na sponji. Mimi si wa mbele. Nilipofika kituo cha kilomita ya 15 nilikuta meza, maboksi matupu na watoto wanaookota chupa. Kuna dada nyuma yangu alinunua maji dukani kwa pesa aliyokuwa ameikunja ndani ya soksi, akanigawia. Tulipofika mwisho, lile geti la kumalizia lilikuwa linalegezwa upepo, spika zinapakiwa kwenye Fuso, na mgeni rasmi ameshaondoka na msafara wake. Medali tulipewa kutoka kwenye boksi lililokuwa chini, kila mtu ajichukulie. Dada yule alilipa ada sawa na mshindi. Pengine zaidi, maana wale wa mbele mara nyingi huwa wamealikwa.

Hapa ndipo ninaposimamia hoja yangu: mbio ya mji mdogo ipimwe kwa mtu wake wa mwisho. Mshindi hata ukimwekea njia ya matope atashinda. Saa moja na dakika chache za nusu marathon amemaliza, yuko kivulini. Anayekaa juani saa tatu ni fundi cherehani.

Na mwili wa aliye nyuma una hatari zake. Wengi tunajua ya kukosa maji. Isiyojulikana sana ni ya kuyanywa kupita kiasi. Watafiti waliwapima wakimbiaji 488 wa Boston Marathon ya mwaka 2002, wakakuta asilimia 13 yao chumvi ya damu imeshuka chini ya kiwango. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa sana njiani na waliochukua zaidi ya saa nne, yaani wale wa polepole, ambao kila kituo wanasimama na kunywa vikombe viwili. Dalili zake, kichefuchefu, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa, zinafanana na za mtu aliyeishiwa maji, kwa hiyo msamaria mwema anamwongezea chupa nyingine. Mtu wa huduma ya kwanza lazima alijue hilo kabla ya asubuhi ya mbio. Gari la wagonjwa kuegeshwa kwenye mstari wa kumalizia kwa ajili ya picha halimsaidii mtu aliyekaa chini kilomita ya 17.

Hali ya hewa nayo haina mzaha. Mei 22, 2021 mkoa wa Gansu, China, mbio ya milimani ya kilomita 100 ilikutwa na baridi ya ghafla, mvua ya mawe na upepo. Washiriki walikuwa 172. Walikufa 21. Sisi hatuna milima ile, lakini tuna ziwa, na kila mtu wa Bukoba anajua mawingu yanavyoweza kukuvamia kutoka ziwani ukiwa umeanika nguo juani.

NJIA YA KEMONDO

Sasa tuje nyumbani. Kwenye makundi ya jogging ya hapa kuna mazungumzo yasiyoisha kuhusu mbio kubwa ya Bukoba, na kila mtu ana njia yake kichwani. Wengi wanaitaja ileile: toka Kaitaba, panda Rwamishenye, nyoosha barabara ya Muleba hadi Kemondo, rudi. Kemondo ni takribani kilomita 20 kutoka mjini, kwa hiyo kimahesabu inakaribia 42 yenyewe. Inavutia. Unaanzia na kumalizia uwanjani, kimo cha kuanzia na cha kumalizia ni kilekile, na Kaitaba ina jukwaa la kuwasubiri watu. Ziwa liko kama mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam atalisikia kidogo kifuani, na kilima cha Rwamishenye kitamkumbusha.

Lakini barabara ile ndiyo mlango wetu. Mabasi ya Mwanza na ya Dar yanapita hapo, malori yanapita hapo, mgonjwa wa Muleba anayeletwa mjini anapita hapo. Marathon yenye heshima inahitaji barabara kwa saa sita hivi. Ukiifunga saa sita umewaumiza watu. Ukiifungua nusu wakati wa mwisho bado wako njiani, umewarudisha wakimbiaji kwenye bega la barabara wakipishana na bodaboda, kitu wanachokifanya siku 364 nyingine bure bila kumlipa mtu.

Hili la barabara wasiokimbia hawalioni. Dada anayekimbia Kashai saa 11 alfajiri anakimbia gizani, simu mkononi kama tochi, masikio hayana muziki kwa sababu anahitaji kusikia pikipiki. Anachagua njia kwa kuangalia wapi kuna taa na wapi kuna mbwa. Siku ya mbio ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo barabara ni yake, katikati ya lami, na polisi wa usalama barabarani anamzuilia gari. Ukiongea na wakimbiaji kuhusu siku ya mbio, medali wanaitaja, lakini macho yanawaka wanapokumbuka lami tupu. Mwandaaji anayeshindwa kumpa hiyo amemuuzia fulana.

Ndiyo maana mimi naungana na wachache wanaosema Bukoba ianze na 21 na kuishia hapo kwa miaka kadhaa. Unageuzia nusu ya njia ya Kemondo, barabara inafungwa saa tatu na nusu, na vituo vya maji vinakuwa vichache vinavyohudumiwa hadi mtu wa mwisho apite. Bukoba ni mji wa nshomile, na nshomile hapendi kuambiwa nusu. Najua nitatukanwa. Lakini 21 iliyopimwa ni mashindano, na 42 ya kukadiria ni maandamano yenye muziki.

Kuna na suala la tarehe. Wadhamini watataka Desemba, kwa sababu Wahaya wa Dar na wa ughaibuni wanarudi Krismasi na mifuko imejaa, hoteli zinajaa, nyama choma inatoka. Kibiashara wako sahihi. Kimbio, Novemba na Desemba ni mvua na senene. Machi hadi Mei ndiyo usiseme kabisa, Aprili hapa mtu anaweza kukimbia 5 na kuogelea 5. Kipindi kikavu ni Juni hadi Agosti, shule nyingi zina likizo ya katikati ya mwaka humo ndani, na walimu ni nusu ya kundi. Ila Juni mwana wa Dar hayupo, na mdhamini ataangalia umati wa kwenye picha. Mvutano huo ukiisha kwa Desemba, sijui mwandaaji atamwambia nini mkimbiaji aliyelowa kilomita ya 12.

Tanzania ina ushahidi wake kuhusu mtu wa mwisho. Mexico City, mwaka 1968, John Stephen Akhwari alianguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji na kuendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani kwa 3:25:27, wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, watu wengi wakiwa wameshaondoka. Tunalitaja jina lake hadi leo. Tusichokitaja ni kwamba mstari ulikuwa bado upo. Kulikuwa na mtu mwenye saa, kulikuwa na kamera, taa zilikuwa zinawaka. Kama waandaaji wa Mexico wangefungasha spika baada ya mgeni rasmi kuondoka, Akhwari asingekuwa na mahali pa kufika.

Makundi ya Kashai kwa sasa yanachanga kwa ajili ya Moshi. Daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea foleni ya kivuko, lakini bado ni zaidi ya kilomita 1,000, kulala njiani, na kurudi kazini Jumanne miguu imevimba. Katika mchango wanaoupitisha, nauli na malazi vinakula sehemu kubwa kuliko ada ya mbio yenyewe. Nilimuuliza mmoja wao kwa nini asingoje mbio za karibu. Alinijibu kwa kuniuliza kama hizo za karibu zitakuwa na maji kilomita ya 15.